Wadha na Kiyoyozi cha Ami Falah

Dada yangu Wadha husoma takwimu za hali ya hewa kama wenzake wanavyosoma ujumbe wa simu, huku akicheka peke yake. Kazi yake ni kukadiria kiyoyozi kinachoitosha nyumba. Mwaka huu ami yetu, Falah, alijenga diwaniya mpya, ukumbi wa wanaume wa kupokea wageni, huko Fintas, karibu kabisa na bahari, na marafiki zake wa baraza wakamshauri anunue mashine kubwa kuliko zote.

"Joto la Kuwait halina mzaha, binti yangu," alisema.

"Hilo hupimwa uwanja wa ndege, Ami, kule jangwani. Hapa kwako taabu ni unyevu wa jioni. Mashine kubwa itapoza upesi, izime, iwaache mmelowa kama samaki. Ndogo itafanya kazi muda mrefu, ikaushe hewa."

Akamwonyesha vipimo vya kituo cha pwani. Ami akaguna.

"Haya. Ila wageni wangu wakitoka jasho, nyumba ya Mishari hupewi."

Mishari ni mwanawe, anajenga ghorofa tatu. Wadha aliitamani kazi ile kuliko mahari.

Siku ya ufunguzi, baada ya magharibi, vioo vya diwaniya vilitiririka maji ya unyevu kwa nje. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, tukipakua wali na kusubiri kelele za wageni. Kimya. Wadha akatoka kuchungulia, akashika kichwa. Ami alikuwa amefunga mlango! Magari yalipunguza mwendo, yakauona, yakaenda zake. Diwaniya ikifungwa, basi leo hakuna baraza.

Akampigia simu. "Ami, mbona umefunga?"

"Nakuhurumia wewe! Hicho kimashine chako kitapoza na barabara?"

"Diwaniya gani hufungwa mlango? Nimeupigia hesabu ukiwa wazi tangu mwanzo."

"Wallahi?"

"Wallahi. Fungua, chakula kinapoa!"

Akafungua. Viatu vikatapakaa mpaka nje. Wadha hakugusa chakula. Alisimama kwenye dirisha la jikoni akitafuta jasho kwenye vipaji vya nyuso za wageni. Kahawa ilipozunguka mara ya pili, Abu Nayif, jirani aliyeshabikia mashine kubwa kuliko wote, akajifunika mabega kwa kilemba chake.

"Falah, punguza baridi, bwana! Unataka kutugandisha?"

"Vumilia," Ami akajibu kwa sauti ya kufika jikoni. "Hii nimeichagua mwenyewe. Ya Mishari atachagua Wadha."

Wadha akaketi, akavuta sinia, akala kwa mikono miwili.