Mchuzi wa Wachimba Chumvi

Mwaka 1992 nilipanga chumba Gitega, mtaa wa mji mkuu wa Rwanda, kwa mama mmoja muuza mkaa na mumewe, aliyewahi kuchimba bati milimani. Mgodi ulipofungwa, mzee alirudi na kifua kibovu na maneno machache. Mama aliamini mumewe amemchoka. Aliniambia hivyo siku moja akichambua maharage, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilikuwa nasoma riwaya ya Kifaransa kuhusu wachimba chumvi maskini. Mama akaniomba nimsimulie, basi kila alasiri nikitoka kufundisha nilimfasiria kurasa chache kwa Kiswahili, na Kinyarwanda nilipokwama. Mzee alikaa mlangoni, ametupa mgongo.

Tukafika pale kijana anapofukiwa na kifusi, na msimamizi anaamuru njia izibwe ili kazi iendelee kwingine. Wenzake wanakwenda zao kunywa mchuzi. Mzee akageuka.

“Mwandishi anadanganya,” alisema. “Siku hiyo mchuzi haushuki kooni.”

Ndipo akatueleza habari za rafiki yake, aliyechimba naye tangu ujana. Alifukiwa hai, na msimamizi akawaamuru waondoke. Atakayebaki kufukua, alisema msimamizi, amejifukuza kazi. Mzee aliondoka, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mke na watoto wa kulisha.

Akamtazama mkewe. “Kila nikikuona, nakumbuka niliondoka kwa ajili yenu. Wewe huna kosa. Lakini nakumbuka.”

Mama akauliza kama mzazi wa yule rafiki, mama yake, yuko hai. Yuko, mzee akasema.

“Basi twende,” mama akasema.

Walikwenda Jumapili baada ya misa. Mama ndiye aliyenisimulia waliporudi. Bibi yule alikuwa ameambiwa na wakubwa wa mgodi kwamba mwanawe alilewa akaanguka kwa uzembe wake, na miaka yote hiyo aliona aibu hata kumtaja. Mzee alimweleza yote. Bibi akauliza kama mwanawe aliita. Mzee akakubali kwamba aliita. Bibi akamshika mikono, wakalia.

Wa kushtakiwa hakupatikana. Mgodi ulishafungwa na msimamizi alishahama. Lakini mzee alianza kuzungumza na mkewe, mara nyingine hata kubishana naye, na mama alifurahia ubishi huo kuliko kitu chochote. Pasaka iliyofuata bibi alikuja kukaa nao wiki nzima. Alimtaja mwanawe mezani, mbele yetu sote, akatusimulia alivyokuwa mtundu utotoni.