Viwavi Weusi wa Shamba la Mama

Sitasema uongo ili nionekane mwema. Yule balozi wetu wa nyumba kumi nilimchukia, na nilimchukia kwa mpangilio, miaka minne mizima. Alichoma shamba la mama yangu.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka mlimani, tukaletwa kijiji kipya kando ya barabara kuu, karibu na Nanyala. Mama alikuwa mjane, na mimi nilikuwa nimerudi kwake baada ya ndoa kunishinda. Tulipewa shamba moja la mahindi, la mwisho kabisa, linalopakana na pori. Hilo ndilo lililokuwa chakula chetu cha mwaka. Mahindi yalipofika magotini, viwavijeshi wakaingia, weusi tii, wengi hata ukisimama kimya unasikia wanavyotafuna. Balozi akaja, akawatangazia watu kwamba wameanzia kwa mama kwa sababu ya uvivu wake wa kupalilia, na kwamba dawa ni kuling'oa shamba lote na kulichoma kabla hawajahamia kwa wenzake. Uvivu! Mama yangu, ambaye viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko mpini wa jembe lenyewe.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu. Wiki mbili nyuma, nilipopanda kwenye mahame yetu kule mlimani kuchuma mboga, nilikuta viwavi wa kijani, mmoja huku mwingine kule, na baadhi yao wamekufa wakining'inia kichwa chini kwenye nyasi. Miili yao ilikuwa imegeuka maji yanayonuka. Nikaokota waliooza, nikawaponda na maji kwenye gae la chungu, nikanyunyizia majani waliyokuwa wakila wazima. Niliporudi baada ya siku tano, nao walikuwa wananing'inia. Nilicheka peke yangu kule mlimani.

Kwa hiyo nikamwomba balozi siku sita za kujaribu dawa hiyo, mbele ya watu wote. Akanipa, na tabasamu juu yake. Nikapanda mlimani kuokota waliooza wengine, nikanyunyizia maji yao shamba zima kwa fungu la nyasi mpaka mgongo ukataka kukatika. Siku ya sita walikuwa wamekufa wachache wa kuhesabu. Waliobaki walikuwa wazima, wamenona, wanaendelea na karamu yao. Balozi akaokota mmoja akaniwekea kiganjani.

"Dawa yako wameinywa kama togwa," akasema. "Choma. Shamba la mmoja halitatuulia kijiji."

Watu wakacheka. Wakang'oa mahindi, wakayarundika pamoja na nyasi kavu, wakatia moto. Mama alijiziba pua kwa upindo wa kitenge akasimama pale hadi mwisho. Mwaka ule tulikula kwa kibarua, tukilima mashamba ya watu ili tupewe mahindi, na shamba mojawapo lilikuwa la balozi. Humo humo kwenye matuta yake nilikula kiapo kwamba atakiona cha mtema kuni.

Lakini kwanza nilitaka kujua ni nini kilichonitia aibu ile. Baadhi ya viwavi waliooza nilikuwa nimewakausha nikawaweka kwenye chupa. Viwavijeshi waliporudi, mwaka wa pili yake, nilichukua mayai ya nondo mmoja yaliyobandikwa kwenye jani. Yalipoanguliwa nikawatenga kumi, kila mmoja na kopo lake, waliobaki nikawajaza kwenye vibuyu viwili. Mama akaniuliza kama nimeanza kufuga balaa. Chakula kilikuwa kile kile, lakini wale wa peke yao wakawa kijani, na wale wa msongamano wakawa weusi tii. Ndugu wa mama mmoja, na sisi miaka yote tukidhani ni aina mbili! Nikaloweka wale wakavu wa kwenye chupa, nikawapa maji yake: wa kijani wakafa karibu wote, weusi wa kibuyu cha kwanza wakabaki wanakula. Waliosalia wa rangi zote mbili nikawachoma kwa mwiba, na kidonda cha mweusi kikawahi kufunga kwa kigaga.

Baadaye sana bwana shamba mmoja alinieleza sababu. Penye msongamano maradhi husambaa upesi, kwa hiyo mwili wa kiwavi anayebanana na wenzake hujiandaa mapema. Ngozi yake huwa nyeusi na kukaza, na damu yake huwahi kukizingira kijidudu cha ugonjwa kikishaingia. Mimi dawa yangu niliijaribu kwa wapweke, nikaenda kupigana na umati. Upumbavu ulikuwa wangu.

Ila kibuyu cha pili nilikuwa nimekipa dawa mapema, viwavi wakiwa bado wembamba kama uzi, na humo hakupona hata mmoja. Basi msimu uliofuata nikawahi shamba la mama wakiwa wadogo hivyo hivyo, na tulivuna mpaka ghala likajaa.

Habari zikamfikia balozi. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akaniita binti yangu, akaniomba nikamtazamie shamba. Nikaenda. Nikafunua majani: walikuwa na siku mbili tu, wembamba kama uzi. Asubuhi moja ya kunyunyizia ingetosha. Na chupa ilikuwa inaning'inia darini kwetu, nusu yake imejaa.

"Umechelewa, balozi," nikamwambia. "Choma. Shamba la mmoja halitatuulia kijiji."

Alinitazama. Maneno yake aliyatambua, nilimwona. Akachoma, yeye na mkewe, na ule moshi niliuvuta kwa raha zote.

Jioni mama alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniuliza viwavi wa balozi walikuwa wadogo au wakubwa. Nikamjibu kwamba walikuwa wadogo. Mikono yake ikasimama kidogo, kisha akaendelea.

Asubuhi akajaza debe la mahindi, akajitwika, akashika njia ya kwa balozi. Nikamzuia mlangoni, nikamuuliza kama amesahau.

"Sijasahau," akasema. "Nipishe, linanilemea."

Alikwenda hivyo kila mwezi, hadi mavuno. Mahindi yale niliyaokoa mimi, kwa mikono yangu, na balozi aliyala na watoto wake mwaka mzima. Sasa amekwisha kufa, na hasira yangu kwake ilikwenda naye. Mama ndiye sijamsamehe.