Shimo la Maembe la Mama

Mama yangu hakuwa na imani na embe lililoiva mtini. Alisema hilo ni la popo na la watoto wa shule. Mtu mwenye akili huyachuma maembe yakiwa bado magumu, yamejaa vizuri karibu na kikonyo, kisha anayaivisha mwenyewe nyumbani. Tulitoka upande wa Butembo, Kongo, mwanzoni mwa miaka ya sitini, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, tukakaa Bwera. Katika vitu vichache alivyovuka navyo mpaka, ujuzi huo ndio aliojivunia zaidi. Majirani waliivisha kwenye majivu au ndani ya gunia, na mama aliwacheka. Yeye alichimba shimo.

Alilichimba ndani ya nyumba, kwenye kichumba cha nyuma tulichowekea majembe, kwa sababu nje mbuzi wangelifukua. Lilinifika kiunoni. Kwanza alichoma humo majani makavu ya migomba mpaka udongo ushike joto, akazoa majivu, akatandika majani mabichi, akapanga maembe safu kwa safu. Katikati aliweka ndizi chache zilizokwisha kuiva ili ziyaharakishe. Juu yake majani tena, halafu udongo, ambao aliukanyaga kwa nyayo zake mwenyewe polepole, huku akitufukuza mlangoni. Siku ya tano ndipo alipolifungua. Nimekula maembe mengi tangu wakati huo na sijapata kula matamu kama yale.

Ila lilikuwa na mwiko wake. Shimo likishafungwa, hakuna mtu wa nyumba ile aliyeruhusiwa kutaja kilichomo. Mama aliamini kwamba maembe yakitajwa kabla ya siku yake yanabaki magumu upande mmoja na kuoza upande wa pili. Sijui kama ni desturi ya watu wetu wote au ya bibi yangu peke yake. Najua tu kwamba tuliifuata kuliko tulivyofuata amri za kanisa, kwa sababu mama alikuwa karibu na fimbo yake ilikuwa karibu zaidi.

“Mutu akiuliza, hata shangazi yenu,” alikuwa akituambia, “museme hakuna kitu. Munasikia? Hakuna kitu.”

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, na Jumapili ya wiki ile nilikuwa nipokee komunyo ya kwanza. Shimo lilichimbwa kwa ajili yangu. Mama alikuwa amewaalika watu wengi kupita uwezo wetu, na maembe ndiyo yangetufichia aibu. Alilifunga Jumatano. Nilijiona mtu mkubwa sana kwa siku mbili nzima.

Ilikuwa miaka ile ya magendo. Kahawa ilikuwa na bei nzuri ng’ambo ya mpaka, kwa hiyo kila mtu wa Bwera mwenye gunia alidhaniwa ana kahawa, na kila mwenye Kiswahili cha Kongo kama chetu alidhaniwa ana magunia mawili. Baba aliuza chumvi na samaki wakavu. Alikuwa mwoga wa magendo kiasi kwamba mama alimtania, akisema huyu hata kahawa ya kunywa anaiogopa.

Askari watatu walikuja Ijumaa asubuhi. Mama alikuwa shambani, mimi nilikuwa uani napepeta mtama. Niliwasikia wakiingia kwa mlango wa mbele bila kubisha hodi, nikasikia sanduku likipinduliwa, kisha sauti ya baba, ya chini, ambayo sikuyashika maneno yake. Baada ya muda mmoja wao akatokea uani. Hakuwa na sura mbaya. Nasema hivyo kwa sababu watu hunitazamia nimweleze kama shetani, na mimi namkumbuka akiwa na kikohozi na kiatu kimoja kisicho na kamba.

“Wewe, kuja hapa,” akaniita. Akanipeleka mpaka kwenye kichumba cha nyuma, akakanyaga udongo mpya kwa ncha ya kiatu. “Hapa chini iko nini?”

Hapo ndipo ningependa kusimamisha simulizi hii. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifikiri chochote. Sikufikiri. Nilikuwa na jibu tayari, nililofundishwa tangu nijue kusema, na lilitoka lenyewe.

“Hakuna kitu, afande.”

Akanitazama. Kisha akapaza sauti ili wenzake wa sebuleni wasikie. “Muzee anasema ni maembe. Mutoto anasema hakuna kitu. Sasa nani anadanganya?”

Baba alikuwa amesema kweli. Alipoulizwa tu, alivunja mwiko wa mama papo hapo, kama mtu mzima anayejua uzito wa bunduki. Kumbe mimi niliulizwa ili kuthibitisha maneno yake. Neno moja lingemwokoa, na nafasi ya kulisema ilikuwapo, maana yule askari alisimama akinisubiri. Nikatazama ule udongo mpya. Niliogopa bunduki, ndiyo, lakini aibu yenyewe ni hii: niliogopa pia kuyaharibu maembe.

Walimleta baba, wakamtupia jembe. “Chimba! Haraka!” Alichimba. Majani yakatokea, kisha maembe, mabichi bado, yenye rangi ya njano kidogo tu upande mmoja. Nilidhani sasa yameisha, watacheka na kwenda zao. Mmoja alicheka kweli, akaweka matano mfukoni. Lakini mkubwa wao akasema maembe yamewekwa juu, kahawa iko chini, la sivyo mtoto asingefundishwa kusema hakuna. Baba akachimba mpaka shimo likamfika kifuani na pumzi ikamwishia. Hakuna kilichopatikana. Wakamchukua hivyo hivyo, akiwa na matope mpaka kwenye kope, kwa hoja kwamba anayeficha maembe hakosi kuficha na kitu kingine.

Alipopita karibu yangu aliniwekea mkono kichwani.

Mama alirudi akakuta shimo limekuwa kama kaburi na maembe yametapakaa. Majirani walikuwa wamefika, kila mmoja na habari yake, na hakuna aliyejua habari ya mimi na yule askari. Mama alijipiga kifuani. Alisema ni yeye, ni shimo lake, ni ujuaji wake wa kuchimba ndani ya nyumba wakati kama ule. Nilikaa pembeni nikamsikiliza akijilaani. Nikitaka kujitetea leo nitasema ni yeye aliyenifundisha jibu lile, na ni kweli. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nyingine kabisa: nilitaka aendelee kujilaumu yeye, nisilaumiwe mimi.

Tuliambiwa wamempeleka Kasese. Mama akapanda lori la pamba na kifurushi cha chakula. Njiani abiria wote wakateremshwa Muhokya kukaguliwa, akafika Kasese jioni, na hapo akarudishwa mlangoni pa kituo cha askari. Alikwenda tena. Mara ya pili walipokea chakula, naye hakujua ni nani aliyekila. Jumapili nilipokea komunyo yangu bila wageni, na gauni langu jeupe likiwa halijapigwa pasi. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeungama kwa padri. Niliungama kuiba sukari, niliungama matusi, niliungama hata kusinzia kwenye rozari. Lile la askari halikutoka. Nilikwenda altareni na dhambi hiyo, nikijua ninachofanya, na hofu yangu usiku ule haikuwa ya moto wa milele. Nilihofu kwamba baba atarudi na kunisema.

Alirudi siku ya kumi na moja. Alishuka kwenye lori mwenyewe, akatembea mwenyewe, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na vidole viwili vya mkono ule havikukunjika tena mpaka anakufa. Mama alimwosha, akampikia uji, akamwacha anywe. Ndugu walijaa sebuleni. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

Alipomaliza uji mama alimwuliza. Alimwuliza kwa upole, na nadhani alikuwa anataka kusikia kwamba ni shimo, ili aombe radhi.

“Lakini baba watoto, waliona maembe. Maembe kabisa, na macho yao. Sasa wakakubeba juu ya nini?”

Baba aliweka bakuli chini. Kutoka pale alipokaa aliweza kuniona kwenye ufa wa mlango, na aliniona.

“Ni mimi,” akasema. “Waliniuliza ndani iko nini, nikasema hakuna kitu. Niliogopa mambo yako ile ya kutotaja jina.”

Mama alimtazama kana kwamba hamjui. Kisha upole wote ukamtoka. “Wewe mutu muzima! Na bunduki mbele yako! Juu ya maembe?” Alilia kwa hasira, na ndugu wakatikisa vichwa, na mjomba mmoja akacheka. Baba aliinamisha kichwa, akachukua ile hasira yote.

Aliichukua kwa miaka. Kila alipoangusha kikombe kwa mkono ule mbovu, kila walipogombana kwa jambo lolote, mama alilirudia mbele ya watu: huyu ndiye aliyejivunjia mkono kwa ujinga wake. Baba hakujibu hata mara moja, wala mimi na yeye hatukulizungumza kamwe. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa pale pale mezani nakula. Nilikua, nikaolewa, nikapata watoto wangu, na bado nilikuwa nikisikia mama akimwita mjinga, nikashusha macho kwenye sahani yangu, nikamwachia baba ile lawama.