Rilei Iliyokumbuka

Miaka michache baada ya uhuru nilipelekwa kisiwani, mjini Faza, fundi kijana kutoka bara, kutunza redio ya serikali. Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo mwenyeji wa kisiwa kile, aliniomba nimtengenezee taa ya wito. Mgonjwa abonyeze kitufe mara moja, taa iwake kwenye chumba cha dawa, na isizimike mpaka muuguzi mwenyewe aizime.

Nilitumia betri na rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Nilijua kwamba ukiurudisha umeme kwenye sumaku ileile kupitia swichi yake, rilei hujishikilia. Lakini nilipounga betri, kabla kitufe hakijaguswa, taa ilianza kupepesa na rilei ikanguruma kama nyuki aliyenaswa chupani.

"Imekuwaje, Bwana fundi?"

"Sijui, Bi."

Akachukua uzi mwekundu wa cherehani, akaulaza juu ya waya kuanzia kwenye sumaku, kiungo kwa kiungo, mpaka uzi ukakutana na mwanzo wake.

"Ndia hii yarudi papo ilipotoka," akasema, akiitaja njia kwa lahaja ya kwao. "Sasa, umeme ukifika huku, swichi yauambia nini? Pita, au toka?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeunga waya kwenye upande unaoachana rilei inapovutwa. Ikivutwa, inajikatia umeme, ikiachia, inajirudishia. Hakuna hali ambayo ingeweza kutulia. Nikauhamishia waya upande wa pili, unaogusana inapovutwa. Sasa hali zote mbili zilitulia: iliyolala inalala, iliyoamka inabaki macho.

Muuguzi akabonyeza, akaondoa kidole. Taa ikabaki inawaka. Hakuna mkono uliokuwa ukiishika, na bado kile kipande cha chuma kilijua kwamba mtu ameita.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Imekumbuka."

Hazikupita wiki mbili, mjamzito aliyeletwa kwa mashua kutoka Ndau alibonyeza kitufe mchana, kisha akazirai. Muuguzi alikuwa uani akichemsha sindano. Aliporudi aliikuta taa inawaka, akakimbia. Mama alipona, na mtoto pia.

Muuguzi aliponisimulia, nilikaa kizingitini nikiuwaza ule waya niliokuwa nimeuunga upande usiofaa. Nilikuwa nimesoma habari za rilei darasani mwaka mzima, na sikuwahi kuiogopa namna ile.