Mbio za Filamu Sokoni Butembo

Kahongya alikuwa ameona filamu nyingi za kusisimua katika nyumba ya video, akajua kwamba mbio za kufukuzana pasipo umati hazitishi mtu. Ndiyo maana, mwaka ule wa vita, aliazima kamera ya kupigia harusi, akawapeleka wanafunzi wenzake wawili katika soko la Butembo: Mathe akimbie, Zacharie amfukuze.

Kichwa kigumu, huyu Kahongya! Mathe alipopita mbio kati ya mafungu ya viazi, wamama hawakuuliza anakimbia nini. Siku hizo, waasi wakiingia mji saa yoyote, nani alingoja kuuliza? Waliacha bidhaa chini, wakabeba watoto mgongoni, na soko zima likamwagika barabarani.

“Musimame! Ni filme!” Kahongya akapiga kelele. Nani amsikie?

Mama yake, Kavuo, aliyeuza maharage humo sokoni, akatokea vumbini akamkamata mkono.

“Mama, hapana kitu! Ni mimi nilibatuma Mathe na Zacharie bakimbie!”

“Kimbia kwanza. Utanielezea kule mbele.”

Akakimbia. Kamera ikamponyoka, hakuiokota. Walipofika njia ya Lubero, yeye mwenyewe alikuwa anauliza watu, akihema: “Ni banani baliingia muji?”