Mjane Asiyefiwa

Kanisani kwetu ushauri hautolewi na wasomi. Mchungaji alikwishaamua: aliyefiwa na mume asikilizwe na aliyefiwa, aliyeacha pombe asikilizwe na aliyeacha pombe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mume wangu alipofariki, nikapelekwa kwa mjane tuliyemwita Fundi.

Alikuwa akishona sare za shule katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Cherehani dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na kiti kimoja tu cha mgeni, ambacho kila Jumatano alikiondolea vitambaa ili nikae. Hakunihubiria. Alisali kwa ufupi, kama mtu anayeogopa kumchosha Mungu, kisha akaendelea na kola zake huku mimi nalia. Mashoga zangu waliniambia nijikaze. Yeye hakuniambia hivyo hata siku moja, nami nilimpenda kwa hilo. Kwa miaka tisa alikuwa amesikiliza wajane kumi na wawili, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Sisi wenye majonzi ni wachoyo, jamani.

Mwezi wa tano nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa naogopa kwenda makaburini peke yangu.

"Dada, wewe ukienda kwake huwa unamwambia nini?"

"Kwake wapi?"

"Si kaburini, kwa marehemu mumeo."

Akasimamisha cherehani. "Hana kaburi, mdogo wangu. Yuko hai. Aliniacha, akaoa mwingine. Nilipohamia hapa, Mchungaji aliniuliza mume yuko wapi, nikasema amekufa. Jumapili hiyohiyo wakaja wanawake sita humu ndani kunifariji. Wengine walikaa sakafuni. Sijawahi kupata wageni wengi hivyo. Nikashindwa kurudi nyuma."

Hasira zikanipanda. "Nilikueleza nilivyomvalisha soksi kabla hawajafunga jeneza. Ukawa unaitikia."

"Nilikuwa nakuonea uchungu kweli."

"Uchungu gani? Ulikuwa unaigiza."

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Sikumsema kwa mtu. Alikwenda mwenyewe kwa Mchungaji, akaungama. Mchungaji si mtu mkali. Alimsamehe, wakasali, kisha akafungua daftari lake amtafutie wa kumsikiliza. Wajane wapo. Walioacha pombe wapo. Waliozika watoto wapo. Mwanamke aliyeachwa hakuwemo hata mmoja, ingawa sote tunawajua, tena tele. Ukiwauliza, waume zao wako safarini, mwaka wa saba huu. Mchungaji akamwambia asubiri, Mungu ataleta mtu.

Wajane nikapewa mimi niwasikilize. Wanasema najua kusikiliza, na kila wakinisifu naona aibu, maana najua nilijifunza wapi. Mwaka ulipopita na Mungu hajaleta mtu, nikamwomba Mchungaji aniandike mimi kwa Fundi. Akatikisa kichwa. "Wewe hujaachwa."

Nikaenda hivyohivyo, bila kuandikwa. Nilibisha hodi, Fundi akafungua mlango, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni. Alikuwa amekonda.

"Nimekuja kukusikiliza, dada," nikasema.

Aliniangalia bila kinyongo.

"Utanielewa wapi, mdogo wangu? Wako alikufa anakupenda."