Mshale Nilioukwaruza Ukutani

Jirani yangu hapa Kihonda anajenga. Jana mvua ilipolowesha lundo lake la chokaa, ile harufu ikaniingia puani nikanuna siku nzima. Mimi si mtu wa kununa, wanaonijua watawaambia. Lakini chokaa mbichi hunirudisha kwenye gofu la Mjerumani, kule milimani juu ya Mlali, na kwa mjomba wangu.

Gofu lilikaa ukingoni, mto ukinguruma chini yake. Paa halikuwepo, palibaki mijusi na ukuta mmoja mrefu wa mawe. Kwangu ilikuwa ngome, nami malkia wake, malkia mwenye kandambili za rangi mbili. Kati ya ukuta na mto bibi alilima matuta ya karoti na kabichi. Matuta hayo ndiyo yaliyotulisha na kutuvisha.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilikwaruza mshale na nyota ukutani kwa msumari, ili askari wangu wa kufikirika wasipotee. Mjomba akanikuta.

"Unafanya nini wewe?"

"Nacheza, mjomba. Alama ya jeshi langu."

Akacheka, akaupitishia mshale kidole. "Umeweza. Kama Mjerumani mwenyewe."

Nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata alikuja na wanaume watatu wa mjini, wenye sururu, wanaotafuta mali ambayo watu husema Mjerumani aliifukia na kuiwekea alama alipokimbia. Akawaonyesha mshale wangu. Wakachimba palepale kwenye msingi, siku mbili.

"Jamani, huo ukuta utashikwa na nini?" bibi aliwauliza.

"Mama, haya mambo huyajui," mjomba akamjibu mzazi wake. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, basi hakuna aliyebisha.

Wale watu waliondoka mikono mitupu. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi tukakuta ukuta umelala juu ya matuta, ukinuka chokaa iliyolowa, karoti na udongo vimekwenda na mto. Bibi alisimama na jembe, hajui aanzie wapi. Mjomba akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye aliyechora alama za uongo. Katuponza."

"Mwacheni," bibi akasema. "Mkono wa mtoto hauangushi ukuta."

Sikumsikia vizuri, nilikuwa nalia. Miaka iliyofuata nilimbebea bibi samadi kupanda mlima bila kutumwa, nikidhani natubu. Hata kwa padri niliungama dhambi hiyo, mara mbili, akaanza kunichoka.

Nilishapita miaka ishirini ndipo siku moja, nikiosha vyombo, nikaacha sufuria ndani ya maji. Mjomba alijua. Alinikuta na msumari mkononi, nikamwambia nacheza.

Bado namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba kwa uso mkavu kabisa. Na bibi, Mungu amrehemu, nadhani naye alijua, akanyamaza kwa kuwa yule ni mwanawe. Nimejaribu kumkasirikia bibi, nimeshindwa. Basi hasira iliyomstahili bibi nayo nampa mjomba, aibebe pamoja na yake.